Sare Iliyofukizwa Udi

Zamu yangu ya kutoa ushuhuda ilipotangazwa kanisani, nilitabasamu, lakini sikuwa na la kusimulia. Katika umoja wetu wa akina mama, kila Jumapili mmoja husimama mbele akaeleza Bwana amemtendea nini. Wenzangu wana mambo. Huyu aliinuka kitandani hospitalini watu wameshamlilia, yule mwanawe alipata kazi melini bila kujuana na mtu. Mimi ni karani kwa wakala wa mizigo huko Kilindini, nina chumba cha juu Mji wa Kale, na nina afya. Naamka, nakunywa chai, naenda kazini, narudi. Nikaanza kujiuliza, na sikupenda kujiuliza, kama huyo Mungu wa wenzangu alikuwa ananijua na mimi.

Basi nikatafuta muujiza. Wiki hiyo nilikuwa nimekwenda Likoni kumjulia hali mgonjwa, na pale Feri, kwenye kivuko, lori moja likarudi nyuma kidogo kwenye mteremko. Watu wakapiga kelele, dereva akakanyaga breki, yakaisha. Mimi nilikuwa kando kabisa, nanunua korosho. Lakini kila nilipoyafanyia mazoezi maneno yangu mbele ya kioo, lile lori lilinisogelea. Kufikia Ijumaa lilikuwa limenigusa gauni.

Jumamosi asubuhi nilifua sare yangu nyeupe ya kanisani, nikaianika uani, nikaenda kazini. Kabla ya saa za kutoka mvua ikashuka, ile ya Mombasa isiyobisha hodi. Niliitazama dirishani nikaikasirikia kama mtu. Nina sare hiyo moja tu, na kwetu hakuna anayetoa ushuhuda na gauni la nyumbani.

Nilirudi nimenuna. Kamba ya uani ilikuwa tupu. Jirani yangu wa chini, mama mtu mzima wa Kiislamu, mzaliwa wa mitaa hiyo hiyo, alikuwa mlangoni kwake ananingoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo hapa utwae nguo zako. Nalikuanulia mawingu yalipofunga tu."

Sare ilikuwa kavu, imepigwa pasi. Kisha harufu ikanifikia. Alikuwa ameitandaza juu ya chetezo, makaa na udi ndani yake, akaifukiza kama wafukizavyo nguo za arusi na za Idi.

"Na udi, mama?"

"Kwani kesho wenda wapi? Si wenda mbele ya Mola? Utakwenda wanuka sabuni?"

Nilimshukuru, nikapanda ngazi na wasiwasi mpya. Mimi ni mtu wa bara, na kanisani kwetu wengi ni wa bara vilevile. Kwetu udi ni habari ya waganga na majini; wapo wanaoanza kukemea mapepo wakiunusa tu njiani. Niliitundika sare dirishani ipigwe na upepo. Asubuhi ilinukia vilevile, na nadhani zaidi.

Kanisani mwenyekiti wetu alinikumbatia, halafu akarudi nyuma akanitazama. Kwenye benchi, wa kulia kwangu alinusa, wa kushoto naye akanusa. Joto lilivyozidi ndivyo udi ulivyopanda. Nilipoitwa mbele nilikuwa na lori langu tayari.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Nikavuta pumzi, na harufu ikanijaa puani. Hapo nililionea aibu lile lori. Nimevaa mwilini kitu nilichotendewa jana, halafu nisimame nisimulie kisichonigusa?

"Mnachonusa ni udi," nikasema. "Jana mvua ilinyesha nikiwa kazini. Jirani yangu Mwislamu akanianulia sare hii, akaipiga pasi, akaifukiza, nisije mbele za Mungu nikinuka sabuni. Wiki nzima nimetafuta cha kuwashuhudia. Nimepewa hiki. Sina kingine."

Nikarudi kuketi. Hakuna aliyesema amina. Kisha mama mmoja wa nyuma akacheka, cheko jema, akasema, "Jirani yangu mimi hunichotea maji nikichelewa." Mwingine akadakia, "Wangu ndiye aliyeniuguzia mtoto." Ikawa hawanyamazi tena, mpaka mwenyekiti akaanzisha pambio ili ibada iendelee. Nilipompita mlangoni hakutaja udi. Alinishika tu mkono, akakawia kuuachia.

Nilirudi nyumbani moyo mweupe, nawasalimia hata nisiowajua. Jirani alikuwa barazani, tasbihi mkononi, mchele kwenye sinia kando yake haujachaguliwa. Aliponiona akainuka.

"Wamekwambiaje?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Huo udi! Ulipotoka tu nikakumbuka kuwa wengine huko kanisani hawautaki. Nikasema, leo nimemponza mtoto wa watu. Tangu hapo sijaondoka hapa, namuomba Mola akusitiri, wasikufukuze."

Machozi yalinitoka pale pale barazani, naye akadhani wamenifukuza kweli. Akaingia ndani mbio kuchukua buibui, nimpeleke kanisani akawaambie kwamba kosa ni lake.