Mkaidi wa Kwenye Debe

Mama mkwe wangu alizijua soksi zangu kabla hajaijua sura yangu. Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni iliyo chini ya milima yetu, na chochote kilichoshuka kutoka juu kilipitia kwenye beseni lake: suruali za wageni, makoti ya wapagazi, na soksi zisizo na idadi. Mimi enzi hizo nilikuwa mpagazi, nabeba mahema na masufuria ya watu.

Dobi mwingine angeziloweka soksi, akafua, akaanika, yakaisha. Yeye aliketi kwanza kwenye kigoda, akaipindua soksi moja moja na kuchambua mbegu zilizong'ang'ania humo kama anayechambua mchele. Kisha akazipanda. Nenda leo nyuma ya nyumba yake, chini ya kamba za kuanikia, utakuta makopo ya rangi, madebe, sufuria zilizotoboka, hata buti moja la mgeni aliyepoteza la pili, na kila kimoja kina mmea wa mlimani. Mlima mzima ameulea uani, na mwenyewe alikuwa hajawahi kulivuka hata lango la kupandia. Atapanda saa ngapi, na nguo za watu haziishi?

Mmoja tu ndiye aliyemtia hasira. Huyo aliota kwenye debe la mafuta, akatandaza majani yake duara kama kabichi la jitu, akatulia. Nilipokwenda kuposa nilimkuta. Siku hiyo mama alinitazama miguu wala si uso, akasema "haya" moja kavu, na mimi nikaondoka nikijua nimekubaliwa shingo upande. Nikaoa, tukapata watoto, watoto wakaanza shule, mmea bado umekaa vilevile. Mama akampa jina: Mkaidi. Kila asubuhi alifungua mlango wa nyuma, akamtazama, akafyonza.

"Bado," alisema, kwa sauti ileile aliyomtengea baba mkwe anapochelewa kurudi.

Mimi Mkaidi nilimjua vizuri. Nilikuwa nimekwisha kupanda cheo, sasa naongoza wageni, na ndugu zake Mkaidi nawapita kila safari kwenye bonde la juu. Nilijua pia jambo lake moja ambalo sikumwambia mama. Kuna habari ambazo mkwe hapeleki.

Mama alipostaafu, meneja akamwuliza anataka zawadi gani. Wenzake walikuwa wameshamchagulia kabati la vyombo.

"Kabati ninalo," alisema. "Nipelekeni nikamwone Mkaidi ana ua. Huko kwao."

Watu walicheka, ila mimi na mke wangu hatukucheka. Goti la mama la kulia lilikuwa limeanza kumtesa, na daktari alishasema wazi kwamba mwaka huu likitunzwa litapanda, lakini mwakani asahau milima. Ilikuwa sasa au basi. Na wa kumpandisha ni nani? Ni mie hapa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kazi ya mwongozaji ni kuamrisha. Kaa, kunywa maji, vua koti, geuka turudi. Nimewaamrisha majaji na majenerali, wakatii kama watoto wa chekechea. Lakini nani kati yenu amewahi kumwambia mama mkwe "kaa"? Mimi hata chumvi mezani kwake huiomba kwa kupitia mke wangu.

Tulipanda watatu: mama mbele, mimi nyuma yake kwa umbali wa adabu, mke wangu mwisho na kapu la chakula. Msituni mambo yalikuwa matamu. Kuvu nyeupe ya ndevundevu ilining'inia kwenye matawi, na mbega walikuwa juu wakiruka huku mikia yao myeupe ikipepea. Mama hakuwa na habari na mbega. Alikuwa akisalimia majani.

"Kumbe ndiye wewe," aliuambia mmea wenye mbegu za kunata. "Wewe umeninyima usingizi kwenye suruali za watu miaka na miaka. Mwanao yuko kwangu kwenye sufuria, hajambo."

Akasonga mbele, akamkuta mwingine. "Na wewe mbona umekonda? Wa kwangu amenenepa."

Mke wangu alicheka mpaka akashikilia mti. Nami nilifurahi sana, nisiseme uongo. Njia niliyoizoea ilikuwa imegeuka mpya.

Tulilala kwenye kibanda cha wapandaji, na asubuhi tukatoka kwenye miti tukaingia kwenye nyasi ngumu. Hapo mteremko unasimama wima na hewa inakuwa nyembamba. Mama akaanza kwenda bila kupumzika. Mimi nikasema moyoni, mama mkwe hajaomba kupumzika, mimi ni nani nimsimamishe? Tukaenda. Pimbi walitutazama kutoka kwenye mawe yao, wamenona na wanaota jua, nikawaonea wivu. Miguu yangu ilikuwa inawaka. Mgeni yeyote ningekuwa nimeshamketisha kitambo. Mama akaenda tu, mguu wa kulia sasa anauburuta, nami nyuma yake nahema kama mvukuto.

Mke wangu ndiye aliyekata mzizi wa fitina. Alitua kapu chini.

"Nyie mna nini? Mama, mbona hupumziki?"

"Namsubiri mwenye mlima aseme," mama alijibu, jasho linamtiririka. "Siwezi kumfundisha mkwe kazi yake."

"Na wewe?"

"Mimi nasubiri mama achoke," nilisema.

"Basi mtakufa hapa kwa heshima, nami niwazike wote wawili."

Tulicheka, lakini nilipoliangalia goti la mama kicheko kilinikauka. Lilikuwa limevimba. Na kutoka upande wa pili wa mlima ukungu ulikuwa unaanza kumwagikia kwetu. Bonde lilikuwa nyuma ya kilima kimoja tu. Kwa mgeni ningesema turudi, yakaisha. Kwa mama, kurudi ni kutomwona Mkaidi ana ua maisha yake yote.

"Mlima unaujua wewe," mama aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukisema turudi, nitarudi."

Nikamsogelea. "Mama, kaa hapo. Nyoosha mguu."

Akakaa. Nikaivua skafu yangu, nikamfunga goti kwa nguvu kama nilivyofundishwa, nikamkatia fimbo ya kutembelea kwenye kichaka kikavu. "Kuanzia sasa nikisema simama, unasimama. Ukungu ukitufikia kabla ya kile kilima, tunageuka, na hakuna kubishana."

"Sawa, bwana mkubwa," alisema mama, na nikaona anatabasamu.

Tulipanda kwa mwendo wa kinyonga. Simama, pumua, twende. Ukungu ulikuja ukikaribia visigino, tukakivuka kilima kabla haujatufikia, na bonde likawa mbele yetu, jua limejaa tele.

Jamaa zake Mkaidi walikuwa wametapakaa kote, makabichi chungu nzima. Katikati yao mmoja alikuwa amesimama, amenizidi urefu, mnara mzima umejaa maua ya buluu, na ndege chozi mwenye mkia mrefu anazama humo na kutoka. Mama aliweka mkono kifuani. Alilizunguka lile ua mara kadhaa, machozi yanamtoka, naye hayafuti.

Kisha akamwona wa pembeni, mkavu, wa kijivu, amesimama vilevile.

"Na huyu?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Huyu alishachanua, mama. Hawa huchanua mara moja tu, wakamwaga mbegu, wakafa."

Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. "Na mimi kila asubuhi namfokea. Kumbe namharakisha mtoto wa watu kaburini."

Akaketi kwenye jiwe, safari hii bila kuambiwa, akalipigapiga jiwe la pembeni yake nami niketi.

"Unajua Mkaidi nilimtoa kwenye soksi ya nani? Ya kwako. Wapagazi wenzako soksi zao zilikuja na tope la njia kuu. Zako zilikuja na vumbi la huku ambako hakuna aliyekutuma. Nikasema, huyu kijana anatua mzigo wa watu anakwenda kutazama maua, binti yangu hatalia kwake. Ulipokuja kuposa nilitazama miguu nihakikishe ni yenyewe. Jibu nilikuwa nalo zamani, mwanangu."

Mwanangu. Nilijifanya nafunga kamba za buti.

Goti sasa haliruhusu hata ngazi, lakini uani mama anafika. Kila asubuhi anafungua mlango wa nyuma, anamtazama Mkaidi kwenye debe lake, majani yamekaa duara, hakuna hata dalili ya ua.

"Bado," anatutangazia kwa furaha, kisha anakwenda kuchemsha chai.