Nilisema Nyuma Kweupe

Hili lilinitokea mimi mwenyewe, na silisimulii kwa raha. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri, si ndiyo? Nani anatunga uongo wa kujivua nguo mbele za watu? Na usiniulize kama ilikuwa usiku wa giza, au kama nilikuwa nimelewa. Ilikuwa mchana kweupe, jua la kiangazi linawaka, na bia ya kwanza nilikuwa hata sijaimaliza.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Nashughulikia malori ya mizigo yavuke kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kazi hii ukiifanya sana mdomo unakuwa mwepesi. Mteja anapiga simu kutoka Dar, "Kaka, gari langu vipi?" Unamjibu, "Limeshavuka, bosi," na gari lenyewe unaliona limelala kwenye foleni, dereva anapika ugali kando ya matairi. Si litavuka tu? Unamtuliza mtu roho. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Tuna klabu yetu ya jogingi, sisi watu wa mpakani: mawakala, wabadilisha fedha, walimu, akina mama wa maduka. Jumamosi tunakimbia mjini. Kiangazi kikikolea, watu wakiwa wanachuma kahawa, tunakodi basi dogo la Coaster tunapanda Mbozi, tukimbie kwenye vijia vya mashambani na kuvuta hewa isiyo na moshi wa malori. Tunaanzia Hasamba, tunamalizia kwenye baa moja ya Vwawa ambako kitimoto, nyama ya nguruwe, kinakuwa kinatusubiri.

Sasa sikiliza utaratibu wetu. Mtu mmoja anapewa kuwa mkia. Mkia anavaa jezi ya rangi ya chungwa, iko moja tu klabu nzima, na kazi yake ni kukimbia nyuma ya wote asiachwe mtu mashambani. Nyama haikatwi mpaka mkia afike. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, anasimama na kisu anamuuliza, "Nyuma?" Mkia anajibu, "Nyuma kweupe!" yaani hakuna aliyebaki. Hapo ndipo watu wanashangilia na kisu kinashuka.

Siku ile mkia nilikuwa mimi.

Wa mwisho alikuwa dada Ester, mgeni kwenye klabu. Anauza vitenge sokoni, mama mnene, mpole wa maneno, daktari alimwambia afanye mazoezi kwa ajili ya presha. Hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea, na kutembea kwenyewe anasimama kila kona kushika kiuno. "Nisamehe, kaka, nakuchelewesha." Mimi najibu, "Hamna shida, dada," huku njaa inauma na moyoni namsema vibaya. Simu nayo hainyamazi, wenzangu wananitania: "Mkia, unatambaa? Nyama inapoa huku!"

Tulipokaribia mteremko wa kwenda kijitoni, Ester akasimama. "Kaka, kuna neno linanielemea siku nyingi. Sijamwambia mtu. Wewe naona ni mtu mzima..."

Nikamkata. "Utanieleza baa, dada. Ngoja nitangulie kidogo nikaangalie njia."

"Usiniache, kaka."

"Nikuache niende wapi?" nikamjibu, nikacheka.

Kwenye kona nikakutana na bodaboda, nikapanda. Ndiyo, umesikia sawa. Mkia wa klabu ya kukimbia alipanda bodaboda. Nikashuka kabla ya kufika, nikajibanza nyuma ya ukuta, nikajimwagia maji ya chupa kichwani na kifuani nionekane nimetoka jasho, kisha nikaingia baa nikikimbia na kuhema. Watu wakanipigia makofi!

Mwenyekiti akanyanyua kisu. "Nyuma?"

Pale ningeweza kusema. Ni maneno mawili tu: Ester bado. Lakini wangeuliza bado wapi, na wewe mkia umefikaje hapa bila yeye? Nikajisemea, njia ni moja, atafika tu. Likatoka lenyewe, kama ninavyowajibu wateja: "Nyuma kweupe!"

Kisu kikashuka. Kwa kuwa Ester alikuwa mgeni, hakuna aliyemtafuta. Kila mmoja alidhani yuko ndani ya Coaster anapumzika. Nami nikanawa miguu, nikafuta viatu vumbi, nikala, tena nikala vizuri, nikaagiza bia, nikasimulia jinsi njia ilivyonitesa. Mungu anisamehe.

Muda ukaenda. Nikawa naiangalia barabara kwa jicho la pembeni. Nikakumbuka presha yake, nikakumbuka ule mteremko. Huyu mama akifia kule, nitasema nini? Nikataka kusimama niseme ukweli. Halafu nikaona bora nimalizie kwanza bia iliyokuwa kwenye glasi.

Ndipo dada mhudumu akasema, "Jamani, si mama wenu yule anayebebwa?"

Tukageuka wote. Barabarani, katikati ya vumbi, mwanamume alikuwa anakuja amembeba Ester mgongoni kama mtoto. Alikuwa amevaa jezi ya chungwa. Mwenyekiti akasema, "Si mkia wetu huyo?" Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa pembeni yake na jezi hiyo hiyo, midomo inang'aa mafuta.

Yule mtu alimshusha Ester taratibu getini, akamshikisha nguzo. Halafu akainua uso. Haki ya Mungu, nilikuwa nikijiona mwenyewe. Pengo langu, kipara changu kinachoanza, kovu langu la kidevuni. Ila yeye miguu ilikuwa myekundu kwa vumbi mpaka magotini, na jasho lake lilikuwa jasho la kweli. Hakunikunjia uso. Alinitazama kama unavyomtazama ndugu yako aliyelewa ukweni. Kisha akageuka, akarudi alikotoka bila haraka, mpaka kona ikamficha. Vijana wawili wa klabu walimkimbilia, na hao ni wepesi kweli. Walikuta barabara tupu.

Ester akaingia anachechemea, akaniona. "Kaka, kumbe umeshaingia! Mungu akubariki sana."

Yeye, maskini wa watu, akaendelea kuwaeleza wenzake: alianguka kule kijitoni, macho yakaingia giza, akajua amekwisha. Ndipo, kwa maneno yake, mimi nikarudi. Sikusema neno, nikachuchumaa, nikampa mgongo. Njia nzima alikuwa anazungumza, na mimi naitikia kwa kichwa kumsikiliza.

Mwenyekiti akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, huyu yuko hapa muda wote. Ameshakula."

Ester akaangalia sahani yangu, mifupa mitupu. Akaangalia viatu vyangu visafi.

"Basi yale yote niliyomwambia," akasema, "nimemwambia nani?"

Acha tu. Aibu niliyoisikia sina pa kuipima. Akaanza kulia, akina mama wakamzunguka. Nikasema, "Dada, nisamehe, mimi nilikuwa..." Mwenyekiti hakunigombeza, alininyooshea mkono tu, nikaivua jezi. Nilirudi Tunduma na fulana ya ndani kwenye ule upepo wa Mbozi, na hakuna aliyekubali kukaa kiti kimoja na mimi. Ester bado yupo sokoni. Nikipita anainamia vitenge vyake. Neno lake sikulisikia, na sina uso wa kumuuliza.

Ungedhani nilijifunza, eh? Sikujifunza. Juzi juzi mke wangu alinipigia jioni, nimekaa na wenzangu. Nikamwambia, "Niko njiani, nakaribia kabisa." Nikaendelea kukaa.

Nilipofika nilikuta vyombo vimeoshwa na watoto wamelala. Mke wangu alikuwa na uso laini ambao sijauona miaka. "Umesahau nini?" akaniuliza. "Si umetoka sasa hivi?" Kumbe nilikuwa nimeshakula. Watoto nilikuwa nimewalaza mimi. Akaja karibu, akanishika mkono. "Asante kwa kunisikiliza leo. Nilikuwa nimechoka kuongea peke yangu."

Ningemwambiaje? Nilisimama pale mlangoni. Nikasema, "Usijali, mke wangu." Asante ya mtu mwingine nikaipokea.

Sasa wewe unayenisikiliza, najua leo umeshamwambia mtu uko njiani na hata viatu hujavaa. Vaa uende. Sikutanii, nenda. Usingoje kuona ni nani atafika badala yako, maana anafika kweli. Huyu wangu ameshazoea nyumbani. Siku hizi nikichelewa, mke wangu hanipigii tena simu kuniuliza niko wapi.