Treni Yangu Mnadani Karatu

Juzi niliona treni ya kuchezea dukani Arusha, nikakumbuka mchana mmoja wa mnada wa Karatu. Nyuma ya mabanda ya nyama choma, watoto tulikuwa tukibadilishana magari ya makopo. Nilimpa mvulana aliyetoka kijiji cha mbali cha Arash treni aliyonitengenezea kaka yangu, naye akanipa lori la mbao. Nilidhani jioni kila mtu angerudishiwa chake.

"Nipe treni yangu," nilimwambia alipopanda gari la kubebea ng'ombe la baba yake.

"Si tumeshabadilishana?" alishangaa.

Gari likaondoka, likatuachia vumbi lenye harufu ya mavi. Kule juu akaiinua treni yangu, akailiza kama lori: "Piii!"

"Treni hailii hivyo!" nilipiga kelele kwa hasira, ingawa mimi mwenyewe sikuwahi kusikia treni ya kweli ikilia.