Mafiga ya Mama

Mama alikuwa Mkikuyu peke yake mtaani kwetu Maramba. Baba alimwoa Mombasa, akamleta kwenye mashamba ya mkonge, kisha mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa na barua za kwao zikakoma. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha yake isipokuwa mimi, kama ningejifunza, na mimi nilikuwa mtoto mwenye kiburi.

Mafuta ya taa yalipoadimika, kila nyumba ilirudia kuni. Siku moja mama alikuwa akipanga mawe matatu uani, jirani yetu Mdigo akamwambia, "Shoga, figa lako hilo limekaa upande."

Mama akaacha kazi. "Figa? Kwetu twasema ihiga! Yakiwa mengi, mahiga!"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akanieleza kwamba kwao ihiga ni jiwe lolote, hata la njiani. Huku pwani limebaki la kupikia tu. Mwalimu wetu naye alishikilia kwamba Kiswahili chote kimetoka Uarabuni, nami nikamwamini yeye, si mama. Leo najua maneno hayo mawili ni ndugu, yamezaliwa na neno moja la kale la Kibantu, kabla hajajulikana Mkikuyu wala Mswahili.

Tangu siku ile, kila asubuhi akipuliza moto, alinifundisha. "Sema ihiga." Nikikosea, ananirudisha polepole. Wenzangu walipoanza kunicheka, nilimkatiza: "Mama, sema Kiswahili. Unanitia aibu." Hakunifundisha tena, na mimi, mpumbavu, nikaona nimeshinda.

Mpaka ulipofunguliwa na maduka yakajaa tena, nilikuwa nimepata kazi Tanga mjini. Nikamletea jiko jipya la mafuta, nikayatupa yale mawe nyuma ya choo, najiona mwana mwema kweli kweli. Mama alishukuru. Jioni nilimkuta ameliokota moja, ameliosha, amelikalia kando ya jiko lile huku midomo ikimchezacheza. Niliposogea, akafunga mdomo.

Kwao hakurudi, aliowajua walikuwa wamekwisha kufa. Naye sasa hayupo. Jiwe lile ninalo jikoni, chini ya meza ya gesi. Mara nyingine, nikiwa peke yangu, nasema, "Ihiga." Kisha nangoja kidogo, labda nimekosea, anirudishe.