Darasa la Watoto Wawili

Kitenzi cha Kiingereza "compete" nilikijua nikiwa kidato cha pili, Morogoro. Mwalimu alitupa maana yake ubaoni: kushindana. Kwa miaka mingi sikuongeza kitu kwenye maana hiyo.

Tulipohamia Toronto, mimi nilipanga ghorofani mtaa wa Jane and Finch, kaka yangu akakaa mji jirani wa Brampton. Kila mmoja alikuwa na binti, na mabinti hao walikuwa wa umri mmoja. Ripoti za shule za huku zilitushangaza: alama zipo, maelezo yapo, nafasi darasani hakuna. Nikamwendea mwalimu, nikamuuliza binti yangu anashindana na nani. Akanijibu kwamba hashindani na mtu. Nilirudi nyumbani nikiamini shule ile ni mbovu.

Basi nafasi tukazipanga wenyewe. Kila ripoti zilipotoka tulikutana kwa kaka, tukajumlisha alama, nami nikasoma matokeo kwa sauti kabla pilau haijapakuliwa. Wazo lilikuwa langu. Lilikuwa darasa la watoto wawili, na wa mwisho karibu kila mara alikuwa binti yangu.

"Wa pili kati ya wawili!" nilimtania mbele ya wote. "Kwani mwenzako ana vichwa vingapi?"

Watu wazima walicheka. Mabinti hao, waliokuwa wakisukana nywele, waliacha kusemezana. Hata miaka mingi baadaye, kwenye msiba wa kaka, walikaa vyumba tofauti.

Sasa binti yangu anaishi Markham. Jumamosi huniletea mjukuu wangu wa miaka tisa, kwa sharti moja: "Baba, siku utakayomuuliza amekuwa wa ngapi, simleti tena."

Juzi walipofika, mama mtu akiwa bado amevaa koti, funguo za gari mkononi, mtoto akatoa daftari. Alipewa kazi ya kutunga sentensi kwa kitenzi kilekile.

"Babu, nisaidie," alisema kwa Kiingereza chake. "Niandike nini?"

Binti yangu akanitazama.

"Andika kwamba babu yako aliwashindanisha watoto wawili waliokuwa wakipendana," nikamwambia mtoto.

Akaandika polepole. "Nani alishinda?"

"Hakuna. Babu alikosea."

"Na hiyo niandike?"

"Iandike."

Binti yangu akavua koti, akalitundika, akaelekea jikoni.

"Baba," aliita kutoka huko, "tangawizi siku hizi unaweka wapi?"