Karabai za Verediana

Verediana wa Gungu alikuwa mtu wa roho juu. Kila alipomaliza kuchora kitabu cha watoto, usingizi ulimpaa, chakula kikamshinda, akaanza kujiuliza kama yule kuku hakumchora miguu mitatu. Majirani walishamzoea. Lakini mwaka ule wa tisini na saba, mkoa umejaa wakimbizi, wasiwasi wake haukuwa wa kuku.

Kanisa lilikuwa limemwagiza kitabu cha watoto wa kambini, kwa sharti moja: waonyeshwe kwanza. Wakikiogopa, hakichapwi. Na hiki alikitaka kuliko vyote, maana kilikuwa kitabu cha baba yake. Marehemu alivua dagaa pale Ujiji, na Verediana alikua akikaa mchangani jioni kutazama karabai zikiwashwa mtumbwi baada ya mtumbwi, mpaka ziwa likawa kama lina mji wake. Hapo ndipo hamu ya kuchora ilipomshika. Kila kitabu chake kina karabai mahali. Hata hadithi ikiwa ya sungura, sungura anayo dirishani. Safari hii alizichora zote, kurasa mbili nzima, na mtumbwi wa watoto ukipita katikati ya mwanga.

Kambini alipokewa na mwalimu Nizigama, mkimbizi wa Burundi, kwenye darasa la turubai. Kiha chake na Kirundi cha watoto vilielewana bila taabu. Ukurasa wa mbuzi mkorofi waliucheka, naye akapumua kidogo. Akafunua ziwa.

Watoto wakarudi nyuma.

Binti wa miaka kama saba, Gloriose, akainuka, akaja akazifunika karabai kwa viganja vyake viwili.

"Zizime," alisema. "Tutaonekana."

"Hawa walivuka kutoka ng'ambo ya ziwa, dada," Nizigama akamnong'oneza. "Walivuka gizani. Hata kiberiti kilikatazwa."

Aibu ikamshika Verediana. Jamani, miaka yote hiyo anachora taa, asimfikirie hata siku moja mtu anayezikimbia! Akaona kitabu cha baba kimekwenda na maji. Akataka kuukunja ukurasa upesi, lakini Gloriose hakuondoa mikono.

"Mtumbwi umefika?"

"Umefika."

"Wapi? Sioni."

Kweli, hakuchora nchi kavu. Akatoa penseli, akaanza kuchora ufukwe pembeni mwa karatasi: mchanga, dagaa walioanikwa, nyumba ya bati. Gloriose akafuatilia kila mstari.

"Na mama yuko wapi?"

Verediana akamtazama Nizigama. Nizigama akatikisa kichwa polepole: hakufika.

Tangu aanze kazi hii hajawahi kumdanganya mtoto kwa picha. Akasita. Kisha akauliza, "Alivaa nini?"

"Kitenge cha njano. Na kilemba."

Akamchora amesimama mchangani, akakitia kitenge rangi. Gloriose akaitazama picha kwa muda, halafu akaondoa mikono. Karabai zikaonekana tena, wala hakuna aliyestuka.

"Hawaogopi tena," Nizigama alisema. "Nadhani kitachapwa."

Verediana hakumsikia. Mvulana mmoja alikuwa amemshika mkono wa gauni, anamweleza habari za baba yake, mrefu, anachechemea kidogo. Nyuma yake wengine walikuwa wanajipanga mstari. Pale ufukweni palibaki nafasi ya watu watatu, labda wanne, na darasa zima lilikuwa limeshasimama.