Usingizi wa Msibani

Mdogo wangu aliporudi kutoka Kongo, alikokwenda na jeshi kulinda amani, majirani zake wa Mkolani walimsifu kwa utu. Hakukosa msiba. Turubai likifungwa mahali, hata kwa watu asiowajua, yeye yumo, amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimeinama. Walidhani anaomba. Alikuwa amelala.

Nyumbani hakulala. Alizunguka sebuleni, akashika komeo la mlango, akarudi kulishika tena. Mchana alikuwa kama mtu anayetembea chini ya maji: unamsalimu, salamu inamfikia baadaye, na jibu linapanda taratibu kama povu. Mkewe alikonda kwa kukesha naye.

"Shemeji," aliniambia siku moja nilipowatembelea kutoka kwangu Kiseke, "mpaka afe mtu ndiyo mume wangu alale? Juzi nilikuwa namwombea mgonjwa wa jirani apone, nikajikuta nimesita katikati ya sala." Alicheka, kisha akaacha. "Nimechoka. Mwezi ukiisha naenda kwetu Ukerewe, na sijui kama nitarudi."

Mimi ndiye msomi wa ukoo. Nimeandika insha kadhaa kuhusu amani, na waliozisoma tunafahamiana wote. Kwa hiyo nilimpelekea mdogo wangu nilichokuwa nacho, yaani makala kuhusu kupumua: vuta hewa kwa pua, itoe kwa mdomo. Alinisikiliza kwa heshima, kama abiria anavyomsikiliza muuza dawa ya minyoo ndani ya basi.

"Kaka, kupumua najua," akasema. "Shida ni kwamba nikilala, nani yuko lindo?"

"Si uko kwako? Mkeo yupo."

"Naye analala. Msibani kuna mtu macho saa zote. Wanaume wako nje, moto unawaka, wanabishana mpira. Ukisikia watu wanabishana mpira, ujue hakuna kinachokuja."

Shemeji yangu alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alisikia yote. Ijumaa akanipigia simu: "Kesho njoo, na uje na wanaume wanaojua kubishana."

Nilikuta turubai la bluu limefungwa kati ya ukuta wa nyumba na jabali la uani. Chini yake kulikuwa na viti vya kukodi, mkeka, na moto wa kuni wenye birika la chai. Mbali, kati ya mawe, ziwa liling'aa kama bati jipya, na juu yake wale wadudu wadogo wa ziwani walipanda angani kama moshi wa moto usiokuwapo. Mdogo wangu alitoka ndani, akalitazama turubai, akatutazama sisi, akakaa. Wenzangu wawili wa kazini wakaanza kumtukana mwamuzi mmoja. Kabla hawajafika kwenye penalti, kichwa kilikuwa kimeshainama.

Tulisahau jambo moja. Mtu wa Mkolani hapiti mbele ya turubai na moto akaendelea na safari zake. Wa kwanza kuingia alikuwa bibi wa nyumba ya pili, khanga kiunoni, ndoo ya unga kichwani, ameshaanza kulia tangu njiani. Shemeji yangu alimkimbilia, kidole mdomoni.

"Shikamoo bibi. Hakuna msiba."

"Marahaba. Hakuna? Na hilo turubai?"

"La kulalia."

Bibi akamtazama mdogo wangu, aliyelala mdomo wazi, mikono imening'inia. "Na huyu?"

"Mzima. Msikilize anavyokoroma."

"Sasa machozi yangu niyapeleke wapi?" akauliza bibi, akatua ndoo, akakaa mkekani.

Wakaja wengine. Kila aliyeingia alinong'onezewa, na hakuna aliyerudi kwake. Ukishaingia chini ya turubai huondoki bila kukaa, hata kama aliyefariki hajapatikana. Unga wa bibi ukawa ugali. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, akakemewa, kisha akaachiwa. Mimi nilianza kutunga moyoni sentensi nzito kuhusu vita na ujirani, lakini usingizi ukanichukua kabla ya kitenzi. Wasomaji wangu waushukuru.

Jioni mdogo wangu alishtuka, mkono ukaenda kiunoni, mahali palipokuwa na kitu zamani. Akaona wanawake, masufuria, nyuso.

"Nani amefariki?"

"Hakuna mtu," mkewe akasema. "Tulikuwa tunakulinda."

"Wote hawa?"

"Mimi nilikuja kulia," akasema bibi. "Umeniharibia."

Mwenye turubai alipokuja kulichukua, mdogo wangu alimsaidia kufungua kamba. Walipofika kwenye viti akawa mzito. Alishika kiti kimoja kwenye egemeo, akasimama nacho hivyo hivyo, akiangalia giza linavyoshuka kati ya mawe. Bibi akamnyang'anya, akakisogeza chini ya dirisha la chumba chao, akakaa.

"Ingia ukalale, baba. Mimi uzee ulishaninyima usingizi, acha ufae watu. Kiti cha watu kitarudi kesho."

Sisemi amepona. Zipo siku bibi anaumwa miguu, haji, nao wanakesha. Lakini siku ile mdogo wangu alisimama mlangoni kitambo kirefu, kisha akaingia, na mkewe akamfuata. Nasikia aliyetangulia kukoroma ni shemeji.